Mama Alipotembea Juu ya Manowari

Mwaka serikali iliponunua manowari ya kubebea ndege, Tunduma tulikuwa bado tunapanga foleni ya maji. Redio ilitangaza kwamba taifa moja la Ulaya limeuza meli yake kuukuu, na kwamba wanunuzi ni sisi. Nilikuwa nauza vitenge pale mpakani, na wateja wangu Wazambia hawakuniacha nipumue.

"Bamayo," walinitania, wakiniita mama kwa lugha yao, "meli mnayo. Ndege ziko wapi?"

Ndege hazikuja. Zilikuja helikopta chache tu, na meli ikatia nanga Dar es Salaam, ikakaa.

Mimi nilikuwa na langu. Mama yangu alikuwa haoni. Macho yalianza kufifia akiwa bado analima kahawa Ihanda, baba akiwa ameshafariki, naye akaficha mpaka siku alipokanyaga moto jikoni kwake. Nikamleta kwangu. Nyumba ilikuwa ndogo, imejaa marobota ya vitenge, na kila alipoinuka aligonga goti. Mwanamke aliyekuwa akibeba mkungu wa ndizi kichwani mpaka mnadani bila kuushika, sasa alishinda mlangoni ameng'ang'ania fremu. Siku moja nilimgombeza binti yangu kwa kuacha ndoo njiani, na mama ndiye aliyeomba msamaha.

"Nisameheni," alisema. "Nimewajazia nyumba."

Niliingia ndani nikalia.

Nilipompeleka hospitali ya wilaya, daktari alimtazama macho akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kupasuliwa akaona. Akanieleza kuwa ile manowari ilikuwa na wodi kubwa iliyojengwa kwa ajili ya majeruhi wa vita, na kwa kuwa vita haikuwapo, serikali ilikuwa imeamua kuwatibia humo raia wenye matatizo ya macho.

Nilimweleza mama.

"Meli ya vita?"

"Ndiyo, mama."

"Na uzee huu, wananipeleka vitani?"

Nilidhani amekataa. Kumbe alikuwa anatania. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akitania.

Tulisafiri kwa treni pamoja na wagonjwa wengine wa kwetu, halafu pantoni ikatuvusha mpaka ubavuni mwa meli. Tuliingia kwenye ukumbi mkubwa wa chuma ambamo ndege zilipaswa kulala. Nesi aliyetupokea alivaa sare nyeupe za kijeshi. Alipofungua tu mdomo, mama aligeuza kichwa.

"Wewe ni wa Ileje," alisema.

"Ikinga, bibi," nesi alijibu, akacheka. "Umejuaje?"

"Unaongea kama shemeji yangu."

Kuanzia hapo nesi hakumwachia mkono. Kwa kuwa zamu yetu kwa daktari ilikuwa bado, alitupeleka tukapunge upepo. Tulisimama kwenye lifti ya kupandishia ndege, wazee na fimbo zao na vikapu vyao, ikatuinua taratibu mpaka juu kwenye jua.

Sijawahi kuona mahali peupe kama pale. Chuma kitupu, tambarare, upana wa kiwanja cha mpira na urefu wa kupita viwanja viwili. Mama alivua kandambili, akapapasa chini kwa unyayo.

"Mbele yangu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Kabisa?"

Nesi akadakia. "Kabisa, bibi. Wala kijiti. Tembea mpaka nitakapokuita."

Mama alinyoosha mkono akanipa fimbo yake. Nilitaka kumzuia, nesi akanitikisia kichwa, akawaashiria mabaharia wawili wakasimame ukingoni. Mama akaanza kwenda. Kwanza alikokota miguu, mikono imetangulia. Halafu mikono ikashuka. Halafu akashika mwendo ule ninaoujua tangu nikiwa mgongoni mwake, mwendo wa mtu anayewahi shambani kabla ya jua kali. Khanga ilipepea. Nesi alipomwita, aligeuka shingo upande, kama mtoto aliyeitwa kutoka mchezoni.

"Bado," alisema. "Niache kidogo."

Tukamwacha.

Walimpasua jicho la kwanza mchana ule. Kesho yake asubuhi nesi alifungua bandeji, nami nikapiga magoti mbele ya kitanda ili niwe wa kwanza kuonwa. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, akanishika mashavu.

"Mbona umezeeka hivi?" alisema. "Nani amekuzeesha?"

Nikacheka mpaka nikashindwa kusema. Alikuwa akiniangalia kwa huruma, kana kwamba aliyekuwa mgonjwa ni mimi.

Manowari ile haikudumu. Ilikuwa inakula mafuta mengi, bunge likapiga kelele, na baada ya miaka kadhaa ikavutwa kwenda ng'ambo kukatwakatwa iwe chuma chakavu. Sokoni watu walishangilia. Walisema ilikuwa upumbavu tangu mwanzo, nami siwezi kusema walikosea. Pesa ile ingetuletea maji mara ngapi.

Lakini mama alirudi Ihanda kwa miguu yake, akaishi peke yake kama alivyotaka. Msimu wa kahawa nilimtembelea nikamkuta ameketi juani na ungo mapajani, anachambua maharage. Nikakaa nimsaidie. Baada ya muda alivuta ungo kwake, akatoa mawe niliyoyaruka, moja baada ya jingine, akiyatupa uani.

"Acha tu, mwanangu," alisema kwa upole. "Wewe huoni vizuri."