Muthokoi ya Katunge

Hasira ya Kavata ilianzia getini, na asije mtu akasema alitoka nayo nyumbani. Kwake Kiuu aliondoka akiwa sawa kabisa, nywele zimesukwa jana yake, rinda la kanisani limepigwa pasi, na mkononi hotpot ya rafiki yake Wangechi aliyokuwa anairudisha. Ndani alikuwa ameijaza mbaazi mbichi za kuchemsha zilizotoka kwao Ngoliba juzi, kwa sababu Kavata hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu na hangeanza Jumamosi hiyo.

Soja anayelinda geti la mtaa wa Membley alimwangalia kuanzia kichwani hadi kwa viatu. "Mama, unafanya kwa nyumba gani?"

"Sifanyi kwa nyumba yoyote. Nimealikwa."

"Sawa. Andika hapa jina, na hapa jina la mwajiri."

Kavata akaandika Kavata, na mahali pa mwajiri akaandika Kavata tena. Soja akasoma, akamwangalia, akafungua geti. Kwa hivyo ukisikia watu wakisema aliingia kwa Wangechi akitafuta vita, waambie waanze na huyo soja.

Kavata, ambaye wengi humwita Mama Mwendwa, anauza nafaka Kiuu, mjini Ruiru. Ana meza moja, magunia saba na mwavuli wa kampuni ya simu ulioraruka upande mmoja. Alifika hapo miaka ishirini na mbili iliyopita, akapanga chumba kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyozunguka mfereji mmoja. Majiko yote yalikuwa nje kwenye veranda, na hakuna aliyeweza kupika kitu bila wengine saba kujua. Sasa utafanya nini? Ule peke yako huku mwenzako anasikia harufu? Wakaanza kupeana sahani. Sahani zikazaa urafiki, na urafiki ukazaa fitina, maana siku moja Magdalene wa chumba cha tatu na jirani yake walikaribia kung'oana nywele kwa sababu ya ndengu. Kila mmoja alidai ndiye aliyemwonyesha mwenzake kuweka nazi. Walipelekana mpaka kwa Mzee Njau, aliyekuwa akitunza ile ploti. Njau akaonja ya huyu, akaonja ya yule, akaomba kuongezwa zote mbili, kisha akakata maneno: kuanzia leo, kila anayepakulia watu chakula aseme kwanza alifundishwa na nani.

Wakacheka, lakini sheria ikabaki. Hata walipohama mmoja mmoja, hata Wangechi aliponunua nyumba Membley miaka sita iliyopita na kuanza kuitwa madam na mafundi, kikundi hakikuvunjika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanakutana kwa mmoja wao, mwenye nyumba anapika chakula cha kwao, anasimama, anataja jina la aliyemfundisha, ndipo watu wanakula. Ni hilo tu. Hakuna michango wala mkopo. Ni chakula na jina.

Siku hiyo sebule ya Wangechi ilikuwa na wanawake tisa, mbali na Kavata na Wangechi mwenyewe. Sita walikuwa wale wa zamani wa ploti, na watatu majirani wapya, wale wa kushika kijiko kwa vidole viwili. Kavata alikaa karibu na Magdalene. Wangechi akatoka jikoni na sufuria kubwa, akaifunua, na kabla mvuke haujafika dari Kavata alikuwa ameshajua.

Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotolewa ganda na kupikwa na mbaazi. Na haikuwa muthokoi ya hotelini, ile ya mahindi ya mashine iliyokaushwa hadi inakwaruza koo. Ilikuwa muthokoi ya mama yake.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo penye maneno. Katunge, mama yake Kavata, alikuwa akija Ruiru kila baada ya mavuno na gunia mgongoni, na ndiye aliyemfundisha Wangechi muthokoi kwa mkono wake, pale pale kwenye ploti. Kinu aliazima kwa mama mmoja wa Kitui. Wangechi alishika mchi akatwanga kama anayeua nyoka, na Katunge akamnyang'anya. Muthokoi haiui mahindi, alimwambia, inayavua koti tu. Unanyunyiza maji kidogo, unatwanga kwa upole hadi ganda litoke na punje ibaki nzima, unapeta, unaanika jua siku mbili. Unachemsha na mbaazi, na chumvi huigusi mpaka ziive. Mwisho kabisa unamimina malai ya maziwa ya siku nne, na hapo hukorogi, unafunika na kuiacha ijue yenyewe la kufanya. Ile ya malai haikuwa ya Ngoliba nzima. Ilikuwa ya Katunge. Ngoliba nzima ilimcheka kwa kuharibu maziwa, kisha ikaja kuomba sahani.

Katunge alikufa miaka mitatu iliyopita. Hakuacha shamba la maana wala nyumba ya mawe. Aliacha hiyo sufuria.

Kwa hivyo Kavata alipotia kijiko mdomoni kabla ya wakati, machozi yalimlenga, na moyo wake ulijaa. Akawa anangoja jina. Aliweka hata mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa mbele kanisani.

Wangechi alisimama na aproni yake nyeupe. Akatabasamu upande wa wale majirani wapya. "Hii," akasema, "niliachiwa na shosho wangu wa Murang'a, mama yake mama."

Magdalene aliangalia sahani yake. Wale wengine wa ploti pia waliangalia sahani zao. Watu sita walimjua Katunge kwa sura na kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo ila kwa kula.

Kavata angenyamaza, pengine. Lakini jirani mmoja mpya, Mama Gachau, mtu mwenye roho safi na akili ya polepole, alimgeukia akamuuliza, "Na nyinyi huko Ukambani, mnajua kupika hii?"

"Tunajaribu," Kavata akasema. Akaweka sahani chini, akaichukua ile hotpot ya mbaazi, akaingia nayo jikoni bila kukaribishwa. Wangechi akamfuata, kwa sababu alijua.

"Shosho wako wa Murang'a," Kavata akasema. "Alitoa wapi mbaazi? Zilikuwa zinaota katikati ya majani chai?"

"Mama Mwendwa, tafadhali, wageni wanasikia."

"Wasikie. Mimi nimesikia."

"Ilinitoka tu. Walionja tangu jikoni, wakasema tamu, wakauliza ni ya nani, nikasema ya nyumbani, wakasema, kumbe ya shosho. Nikaona nitasemaje sasa."

"Utasema Katunge. Ni herufi saba. Huyo mama alilala kwa kitanda chako siku mimi nilikuwa na wageni. Alikushika mkono kwa mchi kama mtoto wake. Sasa ameoza huko Ngoliba na wewe unamvua chakula chake unamvalisha shosho wako." Akanyoosha kidole kuelekea sebuleni. "Rudi pale useme. Sasa hivi. Usiposema, mimi kwako sitakanyaga tena, na hotpot yako hii hapa."

Aliitua hotpot kwenye meza kwa kishindo, kifuniko kikaruka.

Kavata alitarajia Wangechi aombe msamaha, au alie, kwa kuwa Wangechi ni mwepesi wa machozi. Wangechi hakulia. Alifuta mikono kwa aproni polepole, kidole kimoja baada ya kingine, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na ya baridi.

"Na chapati za malenge?" akauliza.

"Chapati gani?"

"Mia mbili na arobaini. Siku tulimzika mama yako. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na unga mpaka kwa kope, moshi umenipofusha, ninakanda na maji ya malenge vile mama yangu Mumbi alinifundisha. Wewe ukasimama mbele ya watu wa kwenu na kipaza sauti. Ukasema, hata hizi chapati mnakula, ni mama alinifundisha. Nilisikia, Mama Mwendwa. Nilikuwa nimeshika kikaango."

Kavata aliokota kifuniko cha hotpot, akakirudisha mahali pake.

"Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa matanga," Wangechi akasema. "Nikasema ni uchungu, utapita, atakumbuka. Miaka mitatu nangoja ukumbuke. Kila ukienda huko ni chapati za Kavata, chapati za Kavata. Mpaka Dianah wa kaka yako alinipigia simu mwaka jana akiniambia nikuombe umfundishe. Mimi! Niombe ufundishe chapati zangu!"

Hiyo nayo ilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachoongeza hasira kama kweli ya mwenzako. Kavata alikumbuka siku ile vizuri. Mashangazi zake walikuwa wameketi mstari wa mbele wakinong'onezana kwamba ameishi Ruiru miaka yote akimwachia mke wa kaka yake mzigo wa mama mgonjwa, kwamba hata kupika kwao hajui tena. Alitaka awaonyeshe kwamba alichukua kitu kwa mama yake. Kitu kilichokuwa karibu kwenye sahani za watu kilikuwa chapati. Akazichukua.

"Basi nitasema," Kavata akasema. Hakusema kwa upole. Alitoa simu kwenye mkoba kama mtu anayetoa panga, akampigia Dianah, mke wa kaka yake Nzioki, akaweka sauti kubwa. "Na nikimaliza, wewe unaenda pale mbele. Umenielewa?"

"Piga kwanza," Wangechi akasema.

Dianah alishika simu huku kuku wakisikika nyuma yake. Kavata hakumsalimia. "Dianah, sikiliza. Zile chapati za malenge si zangu. Si za mama pia. Ni za Wangechi, yeye ndiye alinionyesha, na yeye ndiye alizipika kwa matanga. Nilidanganya. Uwaambie watu wa huko."

Dianah akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeambiwa kwamba mchana kuna jua.

"Kwani ulifikiri hatujui? Mama mwenyewe ndiye alituambia. Kila Krismasi ukizileta, wewe ukiwa nje unapanga viti, alikuwa anatuita, haya, leteni chapati za Wangechi. Hakuziita jina lingine mpaka akafa. Siku ile ya matanga tulikuachia tu. Ulikuwa na uchungu, na shangazi zako wana midomo. Hata mwaka jana nilimpigia Wangechi akuombe unifundishe, nikidhani atakwambia mwenyewe kwamba ni zake."

"Lakini mnaniambia chapati za Kavata."

"Ukiwepo," Dianah akasema. "Ukishaenda tunaziita vile mama aliziita."

Kavata akakata simu. Alibaki amekitazama kioo chake mpaka taa yake ikazima. Kwa miaka mitatu alikuwa amelilinda jina la mama yake kama jicho, na kumbe mama mwenyewe, aliyekaa Ngoliba bila soja na bila kitabu, ndiye aliyeshika sheria ya Mzee Njau bila kukosea hata mara moja. Ni binti yake aliyesimama juu ya kaburi lake na kumtilia uongo mdomoni.

Wangechi alikuwa ameshatoka. Kupitia mlango sauti yake ilisikika wazi, na haikuwa ile ya kutabasamia majirani.

"Wamama, nimekosea. Hii si ya shosho wangu. Shosho wangu hakuwahi kuona mbaazi maishani mwake. Hii ni ya Katunge wa Ngoliba, mama yake Mama Mwendwa. Alinifundisha kwa kinu cha kuazima, na malengelenge niliyopata ninayakumbuka mpaka leo."

"Na alikunyang'anya mchi," Magdalene akasema, akipata sauti sasa, wakati haihitajiki. Wale wa ploti wakaanza kusema wote kwa pamoja, huyu anakumbuka gunia, yule anakumbuka malai, Mama Gachau anauliza Katunge ni nani na kwa nini hajaja.

Hicho ndicho Kavata alikuwa amekidai. Alisimama kando ya sinki akakisikiliza chote, jina la mama yake likipita mdomo kwa mdomo katika sebule ya Membley, na hasira yake haikupungua hata kidogo. Ilikuwa tu imekosa mtu mwingine wa kumwendea.

Wangechi akarudi. Hawakukumbatiana, na hakuna aliyesema pole. Wangechi alimimina mbaazi kwenye bakuli, akaisuuza hotpot, akapanga ndani chapati sita alizokuwa ameweka kando chini ya kitambaa, akafunika, akamsukumia.

"Chombo hakitoki hapa kitupu," akasema.

"Najua," Kavata akasema, bado amenuna, akaichukua.

Getini soja alimzuia tena. Ni kawaida yao wanawake wanaotoka kwa miguu kukaguliwa, wenye magari hupita. "Mama, umebeba nini?"

Siku nyingine angemwambia maneno. Alifunua hotpot, akaisogeza mpaka chini ya pua yake.

"Chapati za malenge," akasema kwa sauti kali, kama mtu anayeapa kortini. "Ni za Wangechi, nyumba namba kumi na nne. Alizipika yeye mwenyewe. Alifundishwa na mama yake, anaitwa Mumbi."

Soja akasema sawa, mama, pita. Hakuwa ameuliza yote hayo.