Ng'ombe wa Resiato Mnadani Kisongo

Wakati wa vita vya Hitla, Gavana aliamuru kila boma litoe ng'ombe wa kulisha askari. Loishiye alikwisha kutoa madume yote, kwa hiyo safari hii alimswaga ng'ombe wa mkewe, aliyekuwa bado anakamuliwa. Resiato hakulia. Alimbeba mtoto mgongoni akamfuata mumewe hadi mnadani Kisongo.

Huko karani alipanda juu ya kiti, akasema mpango wa Gavana umewatajirisha wafugaji. "Sasa mna fedha mikononi. Pigeni makofi!"

Wanaume wakapiga, Loishiye akiwemo.

"Bwana karani," Resiato akapaza sauti, "mimi nilikuwa na maziwa. Hizi shilingi nitazikamuaje?"

"Kanunue nguo, mama."

"Nguo gani? Maduka ya Arusha ni matupu. Zote mmezipeleka huko huko vitani."

Askari akamsukuma nje ya uzio. Ng'ombe wake akapigwa chapa ya moto, akaondoka na wenzake.

Njiani Loishiye alimnyooshea zile fedha, Resiato akazikataa. Jioni alikwenda kwa wifi yake kuomba maziwa ya mtoto. Kwa aibu ile hakumsamehe Gavana, wala mumewe.