Juisi Niliyoagiza Mwenyewe

Nimestaafu uuguzi, lakini zahanati moja ya binafsi pale Kashai, Bukoba mjini, imekataa kuniacha nipumzike. Ndiyo maana mwezi uliopita nilijikuta darasani kata ya Bakoba, kishikwambi mkononi, nikijifunza kisukari upya uzeeni. Mafunzo yote yamo humo: video, picha za miguu yenye vidonda, maswali. Mwalimu wetu ni binti mpole, rika la wajukuu zangu. Swali la tatu lilisema: mgonjwa amekonda, ana kiu isiyokatika, anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Unafanya nini kwanza? Wenzangu wakabonyeza. Kidole changu kilibaki hewani.

Mgonjwa huyo nilimjua. Alikuwa kaka yangu.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati ndogo kule Buganguzi, na kaka alikuwa fundi cherehani Bukoba mjini. Vita vilipozuka mpakani, alikwenda na kurudi bila mkwaruzo, akanenepa, akawa mtu wa kucheka. Miaka michache baadaye alirudi nyumbani na begi moja, suruali ameikaza kwa kamba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa. Karibu kila kibanja kilikuwa na kaburi bichi kati ya migomba. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja kwa jina, tulisema tu "ule". Kaka naye hakubisha. Alimwita baba mdogo akamwonyesha ni mibuni ipi iende kwa nani.

Na mimi, msomi wa familia, sikumpima chochote. Nilimwambia mama ampe vitu vya kurudisha nguvu: omuramba, ile juisi yetu ya ndizi mbivu, asubuhi na jioni, na soda ikipatikana. Ndivyo nilivyomwambia kila aliyekuja zahanati na mtu wake aliyekonda. Mama akawa anakamua ndizi kwa nyasi kila siku bila kuchoka. Kaka alimaliza kibuyu kizima na kuomba kingine, nasi tukafurahi kwamba angalau hamu ya kunywa anayo.

Asubuhi moja mama alikuja zahanati kwa miguu, amekasirika kwelikweli.

"Mwana wange, nipe dawa ya sisimizi. Wamejaa kwenye kopo la kaka yako, lile la haja ndogo. Nasuuza, wanarudi. Tangu lini sisimizi wakapenda mkojo?"

Sisimizi hupenda mkojo wenye sukari; hilo nilifundishwa chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Nilifuatana na mama hadi nyumbani, nikachukua mkojo wa kaka na kurudi nao. Kwenye kabati kulikuwa na chupa ya dawa ya bluu ya kupimia sukari, imeshika vumbi. Nikaichemsha pamoja na mkojo. Bluu ikawa kijani, kisha ikageuka nyekundu kama tofali. Nililia na kucheka peke yangu. Nilifurahia kisukari kama mtu aliyeambiwa ndugu yake hana ugonjwa wowote.

Hospitalini Bukoba walimwanzishia dawa, na mwili ukaanza kurudi. Nilipomwambia mama kwamba omuramba sasa basi, aliacha kumenya ndizi.

"Si wewe uliyeniambia nimpe?"

"Ni mimi, mama."

Kaka alirudi kwenye cherehani yake, akashona miaka mingi, na kila alipokuja nyumbani alimtania baba mdogo kwamba pole, urithi umeahirishwa.

"Mama, ukikosea hakuna shida," alisema yule binti mwalimu wetu pale darasani, akiinama juu ya kishikwambi changu. "Unarudia tu."

Nikabonyeza: pima sukari. Kioo kikaandika kwa kijani kwamba nimepata, na binti akanipigia makofi. Nilimshukuru, lakini moyo uliniuma. Kwa kaka yangu nilipata nafasi ya kurudia, na tangu siku ile nilimpima kila aliyekonda. Ila waliomtangulia, wale niliowarudisha nyumbani na agizo lilelile la juisi, sikuwapima hata mmoja. Wote walizikwa, na sote tulisema ni "ule".