Siku Mvua ya Shanwe Ilipokatika

Aibu hii ni yangu wala sikanushi, lakini kwa kuwa bado wapo watu Mpanda wanaosimulia kwamba nilikimbia mkutano, naomba niweke kumbukumbu sawa: sikukimbia, nilisimama nje kwenye mvua, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nikiwa Bwana Afya wa mji (kazi iliyojumuisha ukaguzi wa majengo, si vyoo tu kama wengi wanavyodhani). Nilitumwa kukusanya maoni ya wananchi wa mtaa wa Shanwe kuhusu kanuni mpya ambayo ingepiga marufuku nyumba za nyasi mjini na kutaka zilizopo zibomolewe. Mwenyekiti wao alishauri tukutane uwanjani. Mimi nikachagua ukumbi mpya wa bati, ili watu wajionee wenyewe paa la kisasa.

Mvua ikashuka. Mnaolijua bati lisilo na dari mnajua kilichofuata: niliona midomo ikicheza nisisikie neno, nami (badala ya kunyamaza) nikapaza sauti, nikapaza tena, na nilipofika kwenye maneno "anayelala chini ya nyasi ana tofauti gani na kuku?" mvua ikakatika, mara moja, kama bomba linavyofungwa. Ukumbi mzima ukanisikia, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ya nyasi ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kwa heshima ya ukwe hatukuwa tukisemezana ana kwa ana. Akamgeukia jirani yake.

"Mama Sado, hebu muulize Bwana Afya, mke wake alimtoa nyumbani au bandani?"

Mama Sado akaniuliza, kwa utaratibu kabisa, kana kwamba sikusikia.

"Nyumbani," nikajibu.

"Anasema nyumbani," akamfikishia, na watu wakacheka mpaka mwenyekiti akainamia meza.

"Basi mwambie kwenye hiyo nyumba tunasikilizana hata ikinyesha."

Mvua ikarudi, nao wakahamia kwake, wengine wakibanana mlangoni. Kwa desturi yetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hivyo nilibaki upenuni nikichuruzikiwa, nikiuliza maswali kutoka nje na kusikia majibu yote barabara: asibomolewe mtu wakati bati lenyewe halipatikani dukani. Niliyawasilisha bila kupunguza neno, na kanuni ilipotoka, nyumba zilizokuwepo ziliachwa. Mama mkwe alizikwa akitokea nyumba ile ile.

Mimi leo nalala chini ya bati. Mvua ikianza tu nafunga mdomo, maana sijui itakatika nikiwa nasema nini.