Sikumtaja Marehemu, Nilimtaja Mama Yake

Nimekosa, ndugu zangu. Tena msinitetee, maana nilijua!

Mimi ni mtangazaji wa redio moja ndogo huku Ngara. Mhariri wetu aliagiza kila habari ya mtu aliyejiua ipitishwe kwanza kwenye akili mnemba, ipime kama tumeandika kwa staha: bila jina, bila kueleza alivyofanya, bila chumvi.

Siku hiyo nilikuwa na habari ya kijana wa Ntobeye. Muda wa taarifa umefika, wenzangu wananigongea kioo. Nikaipitisha habari kwenye mashine hiyo, ikanisifu, kisha ikauliza: je, maneno "mtoto wa fundi cherehani mjane" hayawezi kuitambulisha familia?

Nikajibu hayawezi. Loo! Kijiji kizima fundi cherehani mjane ni mmoja, hata sare za mdogo wangu alishona yeye! Lakini nilitaka habari iwaingie watu. Mashine ikaniamini, ikanipa alama za juu, nikasoma.

Kumbe yule mama alikuwa na binti shule ya bweni, Biharamulo. Alimwambia binti huyo kwamba kaka yake amekufa kwa ugonjwa. Alikuwa anasubiri likizo amweleze ukweli mwenyewe, taratibu. Binti akaambiwa na wenzake bwenini waliosikia taarifa yangu, akatoroka akarudi nyumbani.

Nilikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge. Binti alikuwa mlangoni anachambua maharage, hakuniangalia. Nikaanza kujitetea, eti jina sikulitaja.

"Mwanangu, aliyekufa hasikii redio," mama akasema. "Huyu anasikia. Sasa hasemi na mtu, nami simwachi hata aende kisimani peke yake. Naogopa."

Niliondoka sijui nimeaga vipi.

Tangu hapo situlii! Redio ikiwashwa kwenye mgahawa, nainuka naacha chakula. Nikipita Ntobeye namtafuta yule binti kwa macho, nikimwona moyo unarudi, nisipomwona nageuza pikipiki nipite tena.

Wewe unayesoma ukiwa umelemewa, mwambie mtu leo, au nenda kituo cha afya. Usikae nalo peke yako.

Na ninyi waandishi wenzangu, mashine haiijui Ntobeye. Itaamini lolote utakaloiambia. Ikikuuliza swali kuhusu familia ya mtu, usijibu wewe. Zima kompyuta, uende ukamuulize mama.