Babu Pindua na Sufuria ya Mlango wa Ndege

"Mwenzangu, ficha sufuria zako," jirani yangu aliniambia pale bombani. "Yule mzee anazipindua, anazisoma matakoni. Mchawi yule."

"Atasoma nini, na mwenyewe hajui hata a?"

"Ndiyo uchawi wenyewe huo!"

Watoto wanamwita Babu Pindua. Ni fundi wa sufuria, anaziba matundu bure nyumba kwa nyumba. Hatulii. Ukimpa kigoda anakalia nusu tako, mara keshasimama. Ndege ikipita juu anaacha nyundo, anatoka nje, anasimama mpaka mlio uishe kabisa.

Alipobisha kwangu nilimfungulia. Mwanangu alikuwa mgongoni, analia kwa kuota meno, sikuwa na nguvu za kubishana. Akaziba birika huku anazungukazunguka jikoni, maneno yakimtoka vipandevipande.

Wakati wa vita, yeye akiwa kijana anajifunza ufundi, ndege ya jeshi ilianguka kilimani. Wanne waliokuwamo wakafa wote. Watu walikwenda kuokota bati, naye akabeba mlango. Akaufua ukawa sufuria moja kubwa, ikauzwa wiki ileile. Mlangoni palikuwa na mistari minne iliyokwaruzwa kwa msumari. Alidhani urembo. Baadaye wanajeshi wakaja kuzika wenzao, wakauliza kama kuna aliyeona majina popote, maana karatasi zote zimeungua. Ndipo akaelewa.

"Nikanyamaza, mwanangu. Nyundo ninayo mkononi, nikanyamaza. Jiwe la kaburi lao lipo kule kilimani, limeandikwa wanajeshi wanne, basi."

"Sasa ukiiona sufuria yenyewe utaijua, babu?"

"Hata nikifumba macho naiona ile mistari."

Nikamtolea sufuria ya mama mkwe, ile ya shughuli, nyeusi tii, aliyoachiwa na mama yake. Nilimpa ili amalize aende zake, mtoto alale. Akaipindua. Akasugua masizi kwa jivu, akageuza, akasugua tena ubavuni, kisha mkono ukasimama.

Akakaa chini, kitako kizima. Sijapata kumwona hivyo.

"Wewe si umesoma?"

"Shule ya msingi tu, babu."

"Inatosha." Akanisogezea sufuria polepole, kama anayenipa mtoto mchanga. "Nisomee. Mmoja mmoja, usikimbie. Nikishamshika wa kwanza, ndipo unipe wa pili."