Mwezi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Katuni yangu hutoka kila Jumanne saa moja asubuhi, na kwa miaka mitatu sijakosa Jumanne hata moja. Nimeitoa nikiwa na malaria. Nimeitoa siku stima ilipopotea Kisian nzima, hapa nje kidogo ya Kisumu, nikabeba kompyuta hadi kituo cha mafuta chenye jenereta, nikakaa katikati ya makatoni ya oili mpaka ukurasa ukapanda mtandaoni. Nayasema haya mapema ili ijulikane mimi ni mtu wa aina gani.

Kila nilicho nacho nimejitafutia. Nilikwenda Doha kama mlinzi wa ghala, nikarudi baada ya miaka saba nikiwa na diploma ya usanifu wa michoro, niliyoisomea jioni kabla ya zamu huku wenzangu wa chumbani wakilala. Diploma hiyo iko ukutani kwangu, kwenye fremu. Wengi wakirudi kutoka ng'ambo hujenga nyumba kijijini halafu wanaifunga kwa kufuli. Mimi nilipanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Busia, nikanunua tableti ya kuchorea, nikaanza. Wachoraji wengine huweka kazi zao kwenye mitandao ya watu wengine. Mimi nina tovuti yangu niliyoijenga mwenyewe, mstari kwa mstari, na ikiharibika saa tano za mchana, saa sita huwa nimeirekebisha.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayenunua omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kutoka kwa mitumbwi ya Usenge, anaianika, anaiuza, na kumlea mtoto mmoja peke yake. Sikumpa jina, lakini sweta yake ina kiraka cha kijani kwenye kiwiko, na kila mtu wa kwetu anayeiona sweta hiyo anajua ni mama yangu.

Ukurasa uliojulikana zaidi ni wa arobaini na moja. Ni picha moja tu, bila maneno. Mwanamke amesimama ufukweni na karai lake, mgongo kwetu. Mbele yake ziwa limejaa taa za wavuvi, na juu ya taa hizo kuna mwezi mkubwa, mviringo, wa rangi ya kiini cha yai. Nilitumia siku kumi na moja kuuchora. Watu waliusambaza kuliko ukurasa mwingine wowote, na wengi waliuweka kwenye kioo cha simu zao. Mmoja aliniandikia kutoka Kanada kwamba alilia. Sikushangaa. Nilijua nilichokuwa nimefanya.

Mtu pekee ambaye hakuwa ameuona ni mama yangu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka yote hiyo mitatu nilimsimulia hadithi kwa simu kila Jumanne, naye akisema, "Endelea," au, "Hapo umesema kweli." Nilimsimulia matendo na maneno tu, si mandhari. Mwaka huu nilimleta Kisumu, jicho la kulia likafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi na kusema nimenenepa. Daktari alitaka kumwona tena Ijumaa, kwa hiyo akakaa kwangu wiki hiyo. Siku ya pili asubuhi, akiwa na miwani ya kusomea niliyomnunulia, alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kitabu chako cha kwenye simu."

Mama alisoma hadi darasa la sita, na husoma Kiswahili polepole, midomo ikicheza. Nilimwacha sebuleni nikajifanya nina kazi mezani. Alikuwa akilowesha kidole kwa ulimi kila anapotaka kufungua ukurasa. Alicheka mahali nilipotaka acheke. Halafu kidole kikaacha kusogea, nami nikajua amefika arobaini na moja, nikangoja sifa zangu.

Mimi na yeye huzungumza Kijaluo. Hapa maneno yetu nayaandika kwa Kiswahili, isipokuwa neno analoniitia, wuoda, yaani mwanangu.

"Wuoda, huu ni mwezi?"

"Ni mwezi, Mama."

"Umejaa."

"Umejaa."

"Na hizi ni taa za omena."

"Ndiyo."

"Sasa hawa wametoka kwenda kufanya nini?"

Hapo nikaelewa anachouliza. Omena hufuata taa. Mvuvi huweka taa juu ya maji kwenye giza, samaki wakakusanyika chini yake, naye akawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga na taa haina kazi. Basi mwezi ukijaa mitumbwi hulazwa mchangani, nyavu zikashonwa, watu wakapumzika mpaka giza lirudi. Mtoto wa miaka mitano Usenge anajua hivyo. Mimi mwenyewe nilijua hivyo kabla sijajua kusoma.

Lakini sikuwa tayari kukosolewa. "Mama, hii ni sanaa. Msanii ana ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kule Doha?"

"Kule."

"Kule mwezi hauna kazi," alisema. "Hapa una kazi."

"Watu wameupenda sana ukurasa huu. Wa Nairobi, wa Nakuru, hadi Kanada."

"Hao hununua omena kwenye pakiti."

Aliweka simu mezani, kioo kikiangalia chini. Nilidhani amemaliza. Alivua miwani, akaikunja vizuri, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Jumamosi narudi nyumbani. Wale tunaoanika nao nimewaambia tangu mwaka jana: jicho likipona nitawaonyesha maisha yangu, mwanangu ameyachora. Wananingoja. Sasa wataona mwanamke mwenye sweta yangu, usiku wa mwezi mkubwa, ametoka nyumbani na karai. Unajua tulikuwa tunasema nini juu ya mwanamke anayetoka usiku wa mwezi mkubwa akisema anakwenda kungoja omena?"

Niliigeuza simu, nikautazama tena mwezi wangu.

"Tulisema anakwenda kungoja mwanamume. Mimi nilikulea miaka kumi na minane bila mume, na hakuna mtu pale aliyepata la kusema juu yangu. Wewe ndiye umelisema."

Nimewahi kukaripiwa kazini na wakubwa wa Doha kwa maneno makali kuliko hayo, na sikutikisika. Hayo yalinikalisha.

Hata hivyo sitajisifu kwamba nilikubali pale pale. Kulikuwa na shida ya kazi. Mchoro wa kompyuta huchorwa kwa tabaka: maji kwenye tabaka lake, taa kwenye lake, mwezi kwenye lake, na ukitaka kuondoa kitu unaondoa tabaka lake tu. Lakini wakati ule diski yangu ilikuwa imejaa, nikaukandamiza ukurasa huo kuwa tabaka moja na kufuta faili la asili. Kuuondoa mwezi kulimaanisha kuchora ziwa lote upya, kwa sababu kila wimbi lilikuwa limebeba mwanga wake. Na baada yake kulikuwa na kurasa tisa za usiku uleule, zote na mwezi. Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi zilikuwa tatu.

Nilishuka kununua chapati. Anayezipika pale chini ya ngazi ni mama wa Vihiga, msomaji wangu wa tangu mwanzo. Huniita Bwana Diploma tangu siku aliponisikia nikiitaja mbele ya mteja. Kwenye kioo cha simu yake, juu ya pipa la unga, ulikuwepo mwezi wangu.

"Mama, nikiuondoa huo mwezi utasemaje?"

"Nitasema umerogwa," alisema, akigeuza chapati kwa vidole. "Mimi kwetu hatuna ziwa. Mwezi kwangu ni mwezi. Usiuguse."

Nilimweleza habari ya taa. Hakujali. Nikamweleza habari ya wanawake wanaotoka usiku wa mwezi. Akaacha kugeuza.

"Na huyo wa kwenye picha ni mama yako? Huyu aliye hapo juu?"

"Ndiye."

"Basi hii picha ni matusi, Bwana Diploma. Ni matusi mazuri, lakini ni matusi." Aliipangusa simu kwa aproni, akaitazama. "Na nimetembea nayo miezi yote hii. Nenda ukafanye kazi, chapati zako zitapoa."

Nilifanya kazi. Mama alivuta kiti akakaa nyuma yangu na kikombe cha chai, na kama nilidhani atanisifu kwa kutii, nilikosea. Aliona mengine. Taa zangu zilikaribiana mno. Mitumbwi ikikaribiana hivyo watu hupigana kwa makasia. Zilikuwa za rangi moja. Enzi zile taa za karabai zilikuwa za manjano, si nyeupe kama hizi za betri za siku hizi. Mwanamke wangu alisimama na karai kiunoni.

"Hilo karai lina kitu?"

"Bado. Anangoja mitumbwi."

"Karai tupu hukaliwa. Unaligeuza, unakaa juu yake. Nani atasimama mpaka alfajiri?"

Basi nikamkalisha. Siku nzima ya Alhamisi nilikuwa nachora giza, na giza si jambo rahisi. Ukiweka weusi mtupu picha inakufa. Nilimuuliza Mama giza la pale lilikuwa na nini ndani yake. Alifikiri, akasema lilikuwa na moto wa sigara za wachukuzi, na weupe wa nyavu za kuanikia zilizotandazwa chini, na harufu. Harufu nilishindwa, lakini moto wa sigara na nyavu niliviweka.

Ijumaa, tulipotoka kwa daktari, nilimwambia jambo nililokuwa nimeling'amua. Nilipokuwa mdogo, usiku wa giza nilipanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba ya bibi, nikatazama taa ziwani nikijua Mama yuko kule chini. Usiku wa mwezi hakwenda. Alikaa nasi nje akapukuchua mahindi, na tuliweza kuonana nyuso bila taa. Yote mawili niliyapenda. Kule Doha, miaka saba, niliyakumbuka kila siku, na mahali fulani yakaungana yakawa usiku mmoja ambao hakuna mtu aliyewahi kuuishi.

"Ulikuwa unanikosa," alisema Mama.

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Sawa. Ulikuwa unafanya kazi."

Jioni hiyo nilipandisha kurasa zote kumi. Niliyapa mafaili majina mapya, maana ukiacha jina la zamani simu za wasomaji huendelea kuonyesha picha waliyokwisha kuihifadhi, jambo ambalo wenye tovuti wengi hawalijui. Chini ya ukurasa niliandika sentensi moja: kwamba omena haivuliwi kwenye mwezi, na kwamba kosa lilikuwa langu. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo, na sikuipenda. Kabla sijafunga kompyuta watu walikuwa wameanza kulalamika. Yule wa Kanada aliuliza kwa nini nimeharibu kitu kizuri. Na nitasema kweli, kwa macho tu, picha ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Mimi ndiye mchoraji, naona.

Jumamosi kabla ya saa sita tulikuwa Usenge. Omena ya asubuhi ilikuwa imekwisha kutandazwa, nyavu kwa nyavu, iking'aa kama bati jipya, na wanawake walikuwa wakiigeuza kwa mifagio. Walimwona Mama akija bila kushikwa mkono, wakaanza kumtania kutoka mbali.

"Sasa unaona deni letu au bado?" mmoja aliita.

"Naona umezeeka," Mama alijibu.

Walikusanyika kama sita. Simu ilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, magamba yakibaki kwenye kioo. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma. Waliitambua sweta kwanza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Walibishana kama mbwa niliyemchora ni wa yule mpima samaki au ni wa kanisani. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama nyuso zao, na mimi namtazama yeye.

Walifika arobaini na moja. Mwenye simu, mwanamke mrefu aliyeanika pamoja na Mama tangu ujana, aliutazama ukurasa kwa muda mfupi, akasema, "Mm," akafungua unaofuata. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyesema ni mzuri. Siku zangu zote tatu zilipita kama mtu anayepita nyumbani kwao, asiyeulizwa anakwenda wapi. Mama alishusha mabega, akainama, akaokota ufagio wa mtu, akaanza kugeuza omena iliyokuwa karibu na mguu wake.

Mwanamke mrefu alifika ukurasa wa mwisho niliokuwa nimeutoa, ambapo mitumbwi ya usiku mwingine inaingia alfajiri. Alisukuma kioo kwa kidole, hakikusogea.

"Inaishia hapa? Huyu alipata ngapi siku hiyo?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Sikuwa nimewahi kufikiria alipata ngapi.

"Makarai matatu," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Moja lilinyeshewa."

"Lilinyeshewa akafanya nini?"

Mama alinyoosha mgongo, akaegemea ufagio, akaanza kuwaeleza. Nami nikatoa daftari.